Kandanda ya Australia: mwili wa aina gani kwa nafasi gani?

Mwalimu_wa_Michezo, Nakuru

Habari wadau. Tunaanzisha timu ya kandanda ya Australia (ule mchezo wa mpira wa umbo la yai unaodakwa na kupigwa teke, si soka) katika shule ya upili hapa Nakuru, wavulana wa miaka 16 hadi 18. Uwanja tulio nao ni wa raga, mipira ipo, na mwanzoni tutacheza 9 kwa 9 kabla ya kufikiria 18 kwa 18. Kinachonisumbua ni kupanga watu. Kwenye video za AFL, ligi kuu ya Australia, naona mtu wa zaidi ya mita 2 na mwingine anayemfikia kifuani wakiwa timu moja, wote wakitegemewa. Sasa kipimo ni kipi?

Walioandikisha majina ni hawa: mmoja wa basketboli, sm 194, kilo 73. Propu wa raga (msukumaji wa mstari wa mbele kwenye skramu), sm 178, kilo 104. Wakimbiaji wawili wa mita 800, wote sm 173 hivi, kilo 59 na 61. Fulubeki wa raga (mlinzi wa nyuma kabisa), sm 185, kilo 78. Waliobaki wengi ni kati ya sm 170 na 178, kilo 62 hadi 72.

Kuna urefu na uzito unaotakiwa kwa kila nafasi? Propu apunguze kilo ngapi, na huyu mrefu aongeze ngapi? Na siku ya uteuzi nipime nini ikiwa nina saa, mizani na tepu tu? Kuna anayenishauri niwapeleke wote jimu wajaze miili kwanza kwa sababu mchezo ni wa kugongana.

Nusu_Beki, Kakamega

Mwalimu, weka mizani kando kwanza, tuanze na uwanja. Uwanja rasmi una umbo la yai, urefu wa mita 135 hadi 185 na upana wa mita 110 hadi 155. Hakuna ofsaidi. Robo ni nne za dakika 20, na kwa kuwa saa husimamishwa mara kwa mara, kila robo hukaribia nusu saa. Kiungo wa ligi kuu hukimbia kilomita 13 na zaidi kwa mechi, na katikati ya hizo anachomoka kasi kila mpira unapobadili mikono. Hata kubadilisha wachezaji kuna kikomo: tangu 2021 timu inaruhusiwa mabadiliko 75 kwa mechi, na kabla ya hapo yalikuwa 90. Raga humpa propu vituo vya kupata pumzi: skramu, laini auti, penalti. Huku vituo hivyo ni haba mno. Uzito wowote usiokimbia unaonekana kufikia robo ya tatu.

Wastani wa mchezaji wa AFL ni kama sm 188 na kilo 86 au 87. Namba hiyo haikusaidii kupanga timu, maana imechanganya watu wa kazi tofauti kabisa. Zitenganishe kazi, ndipo miili itaeleweka.

Raki ndiye anayeruka kuugombea mpira mwamuzi anapourusha juu. Hapo urefu hauna mbadala: sm 198 hadi 210, kilo 95 hadi 110. Max Gawn, nahodha wa Melbourne walipotwaa ubingwa 2021, ana zaidi ya sm 205. Mason Cox ana sm 211, alitoka basketboli ya chuo kikuu kule Marekani bila kuujua mchezo, akaanza kuichezea Collingwood 2016 na akawa bingwa nao 2023. Kwa hivyo kijana wako wa basketboli ndiye raki wako. Kwa kiwango cha shule, sm 194 ni nyingi.

Fowadi na beki warefu huwa sm 191 hadi 200, kilo 88 hadi 102. Hapa mtazame Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa kambini Kakuma, hapa hapa Kenya, na kuteuliwa kwenye kikosi bora cha ligi mwaka 2021. Ni mrefu, lakini kinachomfanya awe beki wa kuogopwa ni kusoma mpira ungali angani: anamwacha mtu wake mapema, anaingia mbele ya kundi na kudaka mpira uliokusudiwa mwingine. Fulubeki wako wa raga tayari anayo nusu ya kazi hiyo, kwa sababu amezoea kukimbia chini ya mpira wa juu huku anaangaliwa na watu wanaokuja kumgonga. Mweke nyuma. Sm 185 zinatosha kwenu.

Viungo ndio wanaovuruga kila jedwali. Lachie Neale, sm 177, alishinda medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, 2020 na 2023. Patrick Cripps, sm 195, aliishinda 2022 na 2024. Medali ni ile ile na kazi ni ile ile, ila mmoja anapita chini ya mikono ya watu na mwingine anainyanyua mikono juu ya wanaomkaba na kutoa mpira kwa ngumi. Wanachofanana ni mapafu, na uwezo wa kuinama hadi chini wakiwa wamechoka. Wakimbiaji wako wa mita 800 ni viungo au mawinga, na usiwaguse uzito wao msimu wa kwanza.

Wadogo wa mbele na wa nyuma: sm 170 hadi 182, kilo 70 hadi 82. Caleb Daniel ana sm 168 na alikuwa bingwa na Western Bulldogs 2016. Thamani yake ni mguu usiopoteza mpira. Hili litakufaa kwa lile kundi lako kubwa la sm 170 na kitu: nafasi zao zipo, na ni nyingi kuliko za warefu.

Loki_wa_Lanet

Nakubaliana na mengi, ila naona propu anaanza kusukumwa nje ya orodha na mimi sitaki. Tony Lockett alikuwa sm 191 na zaidi ya kilo 110, na magoli yake 1,360 ndiyo rekodi ya ligi hadi leo. Hakuwa mtu wa kukimbia kilomita 13. Alikuwa mtu wa kuchagua sehemu na kukataa kuondolewa hapo.

Ufundi wenyewe ni huu: sheria inakataza kumsukuma mtu mgongoni na kumshika asiye na mpira, lakini mpira ukiwa ndani ya mita 5 unaruhusiwa kumzuia mpinzani kwa bega au ubavu. Mpira ukiwa angani, mwenye nyonga nzito aliyeinama kidogo anamweka beki nyuma yake na kushinda sehemu ya kutua mpira kabla yeyote hajaruka. Propu ameshajifunza hilo kwenye skramu: miguu mipana, nyonga chini ya mabega, hatua fupi. Mfundishe kunyoosha mikono mbele ya uso badala ya kuukumbatia mpira kifuani, mweke mita 15 kutoka golini, na utapata magoli.

Kuhusu ushauri wa kujaza miili jimu, hesabu yake ni rahisi. Nguvu ya mgongano ni uzito mara kasi. Mtu wa kilo 80 anayefika kwa mita 8 kwa sekunde ana 640. Mtu wa kilo 95 anayefika kwa mita 6.5 kwa sekunde ana kama 617. Yule mwepesi amegonga kwa nguvu zaidi na amefika kwanza. Kilo zinazokula kasi hazifai hata kwa kugongana kwenyewe.

Nusu_Beki, Kakamega

Loki, hoja ya nyonga naichukua yote. Ila Lockett alistaafu 2002, na nafasi ile imebadilika. Siku hizi mpira ukidondoka na beki akauokota, fowadi ndiye wa kwanza kumfukuza, na asipofukuza timu nzima inapitwa. Halafu mwalimu anaanza na 9 kwa 9, ambako hakuna kukaba na kuangusha, mpinzani anaguswa tu. Wachezaji ni watatu nyuma, watatu kati, watatu mbele. Katika mchezo huo uzito wa propu hauna soko, ilhali mikono yake na ufundi wa kuchagua sehemu bado vina soko. Acheze mbele, dakika chache chache, akiongeza mbio kidogo kidogo, na tukifika 18 kwa 18 ndipo mwili wake utalipa.

Na ushahidi kwamba mwili peke yake hautoshi ni Israel Folau. Sm 194, mrukaji hodari, akatoka raga ya ligi (ile ya watu 13) akiwa nyota na kwenda AFL. Msimu wa 2012 alicheza mechi 13, kisha akaondoka. Mpira ulikuwa unakuja kutoka pande zote na umbali wa kukimbia ulikuwa wa aina nyingine. Mike Pyke naye aliichezea timu ya taifa ya raga ya Kanada, mita 2 kwenda juu, akakubali miaka ya kujifunza kazi ya raki pale Sydney, na 2012 hiyo hiyo akawa bingwa. Kinachopungua kwa watu wa raga mara nyingi ni stamina ya aina hii na teke, si kimo.

Fizio_wa_Ziwani, Kisumu

Mwalimu, niongeze upande wa majeraha, kwa sababu ukipanga kwa mwili lazima ujue kila mwili unavunjikia wapi.

Kwa raki, hatari ni goti. Warukaji wawili wakija mbio kutoka mbali hugonganisha magoti, na kano ya nyuma ndani ya goti ndiyo inayoumia. Ligi iliweka duara la nje la mita 10 katikati ya uwanja mwaka 2005 ili kupunguza mwendo wa kukimbilia. Chora duara hilo hata kwenye mazoezi: kipenyo mita 10, na la ndani kipenyo mita 3. Usiruhusu mtu aanzie nje yake. Huyu kijana wa sm 194 na kilo 73 ana miguu mirefu na msuli mchache wa kuizuia anapotua. Kabla ya kumwongeza kilo hata moja, mfundishe kutua: atoke juu ya boksi la sm 30, atue kwa miguu miwili bila kelele, magoti yakielekea vidole na yasiingie ndani. Likinyooka hilo, ndipo atue kwa mguu mmoja. Ukisikia kishindo kila akitua, bado hajawa tayari kugombea mpira na mtu.

Kwa wenye kasi, tatizo kubwa ni msuli wa nyuma ya paja. Hili ndilo jeraha la kawaida kuliko yote katika AFL. Zoezi lake halihitaji jimu: kijana apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, ajishushe mbele polepole akiwa amenyooka kutoka goti hadi bega, ajidake kwa mikono. Mara 5, seti 2 kwa wiki mwanzoni, halafu uongeze hadi seti 3 za mara 8. Maumivu ya siku ya pili yatakuwepo, kwa hivyo usilifanye siku moja kabla ya mechi.

Kwa mzito, ni joto. Mwili mkubwa unatengeneza joto jingi kuliko ngozi yake inavyoweza kulitoa. Mkija huku Kisumu kwa mechi ya saa nane mchana, jua la kando ya ziwa si la Nakuru. Huyo wa kilo 104 apumzishwe kila dakika 5 au 6, kivulini, kwa maji na taulo iliyoloweshwa shingoni. Akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, mechi yake imeisha, umpooze kwa maji mengi mara moja na kumpeleka hospitali.

Kilo ngapi? Propu asipewe lengo la kilo, apewe lengo la muda wa kukimbia. Uzito ukishuka nusu kilo kwa wiki inatosha, na akifika 95 au 96 akiwa na nguvu zile zile, mwacheni hapo. Mrefu aongeze robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki, na akifika 79 au 80 asiende zaidi mwaka huu. Pima kiuno usawa wa kitovu kila mwezi. Kilo zikipanda na kiuno kikipanda nazo, ni mafuta. Kilo zikipanda, kiuno kikibaki pale pale na muda wake wa mita 20 ukabaki ule ule, ni msuli anaoweza kuubeba.

Na jambo moja la umri. Wavulana wengine wa miaka 16 bado wanarefuka. Aliye sm 174 leo anaweza kuwa 182 akimaliza shule, kwa hivyo msimfungie mtu kwenye nafasi ya wafupi. Wanaolalamika maumivu chini kidogo ya goti, pale mfupa ulipotokeza, punguzeni kuruka kwao, msiwaambie wajikaze.

Mwalimu_wa_Michezo, Nakuru

Asanteni sana. Nimechukua la duara na la kutua. Yamebaki mawili. Chakula cha bweni ni ugali, sukuma, maharagwe, githeri, nyama mara chache. Huyu mrefu ataongeza uzito kwa nini? Pili, wasichana nao wameomba timu. Vipimo vyao vinabadilika vipi?

Jiko_la_Kibuye, Kisumu

Mwalimu, kwa kilo 73 anahitaji protini gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo, yaani kama gramu 117 hadi 146 kwa siku, pamoja na chakula cha ziada cha kalori 300 hadi 500 juu ya anachokula sasa. Bweni linaweza kufika karibu. Maharagwe gramu 150 yakiwa makavu yanatoa kama 32. Unga wa ugali gramu 300 unatoa kama 24. Mayai mawili ni 12, maziwa nusu lita ni 16. Omena kavu gramu 50 ni kama 30. Hapo tayari ni 114, na konzi mbili za njugu zinamvusha.

Omena ndiyo ya kutegemea kwa sababu ya bei. Chagueni iliyokauka hadi inavunjika, rangi ya fedha. Iliyogeuka hudhurungi na kunuka mafuta ya zamani imeharibika, msiinunue hata ikishushwa bei. Ile iliyoanikwa mchangani ioshwe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, muichote kutoka juu ili mchanga ubaki chini ya beseni. Ikikaangwa na nyanya na kitunguu, vijana wanaila bila kusukumwa.

Wanapokosea wengi ni kumpa mrefu sahani moja kubwa ya jioni. Tumbo linakataa na asubuhi anakimbia mtupu. Mgawieni mara nne au tano: uji wa maziwa asubuhi, njugu saa nne, chakula cha mchana, maziwa na yai baada ya mazoezi, kisha cha jioni. Na propu asinyimwe ugali. Apunguziwe mandazi, soda na mafuta ya kukaangia, maharagwe yabaki pale pale.

Nusu_Beki, Kakamega

La wasichana: ligi yao, AFLW, ilianza 2017, wachezaji 16 uwanjani na mpira mdogo zaidi, saizi 4 badala ya 5. Kimo kinashuka lakini mpangilio wa kazi ni ule ule. Erin Phillips, aliyetoka basketboli ya kulipwa, alikuwa mchezaji bora wa ligi 2017 na 2019 akiwa na sm 173 tu. Mafunzo ya kutua aliyoyaeleza Fizio yawe ya lazima kwao tangu siku ya kwanza, kwa sababu wasichana huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana.

Sasa siku ya uteuzi. Pima mambo manne, kwa mpangilio huu, wasije wakachoka kabla ya mbio fupi.

Kuruka kwanza. Apake chaki vidoleni, asimame kando ya ukuta, anyooshe mkono mmoja, uweke alama. Kisha aruke akitokea mbio za hatua chache, mara tatu kwa kila mguu, uchukue alama ya juu zaidi. Andika kimo cha ile alama ya juu kutoka ardhini, si tofauti peke yake. Mtu wa sm 185 anayefika 243 akisimama na kuruka 75 anagusa 318. Wa sm 194 anayefika 257 na kuruka 50 anagusa 307. Mpira unadakwa na wa kwanza. Na andika pia mguu gani unaruka vizuri.

Mita 20 kutoka kusimama. Kwenye majaribio ya AFL, sekunde 3.0 ni kawaida na chini ya 2.9 ni kasi kweli, lakini wao wanatumia mitambo ya mwanga. Saa ya mkononi hukupa muda mzuri kuliko ukweli, kama sekunde 0.2. Kwa hivyo 2.9 yako ni 3.1 yao. Linganisha vijana wako wenyewe kwa wenyewe, mtu mmoja akishika saa kwa wote.

Kurudia kasi. Mita 30 mara 6, wakianza kila baada ya sekunde 20. Jumlisha muda zote sita, kisha zidisha muda bora kwa 6 na uzilinganishe. Jumla ikizidi kwa zaidi ya asilimia 8 hivi, huyo si kiungo bado, hata awe na kasi gani kwenye ile ya kwanza. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, na ndicho kitakachokuambia ukweli kuhusu fulubeki na wale wa mita 800.

Mwisho, kilomita 2. Kama uwanja wa raga ni mita 100 kwa 70, mzunguko mmoja ni mita 340. Ni mizunguko 5 kamili, kisha mita 300: upande mrefu, upande mfupi, upande mrefu, na mita 30 za upande mfupi wa mwisho. Weka koni hapo, pembe zote nne ziwe na koni pia, la sivyo watakata kona na muda hautakuwa na maana. Kiungo wa kweli akae chini ya dakika 6 na nusu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Melbourne iko karibu na bahari, kwa hivyo msihukumiane kwa muda wa huko. Propu akimaliza bila kutembea, hata kwa dakika 9 na nusu, huo ndio mwanzo wake. Mpime tena baada ya wiki 6, na ukiona amekata sekunde 40, mwongezee dakika uwanjani kabla hujamwuliza uzito.